Mbao imepungua, ao imepunguzwa? Kuelewa vipimo vya mbao ngumu kabla ya kujenga inje

Ingia katika depo ya mbao, iwe Beni, Butembo, Bunia ao Goma. Watu wengi hawaulizi mbao kwa jina la mti. Wanauliza kwa namba: «Papa, ile ya mbili na nusu iko bei gani?» Ao: «Nipe madriye kumi na mbili, za tano kwa kumi na tano.» Muuzaji anataja bei, wanabishana kidogo, feza inalipwa, chukudu inapakiwa. Kufika nyumbani, fundi anatoa metre yake na kupima: santimetre mbili. Fasi ingine, moja na nusu. Ananyamaza, anapigilia misumari, kazi inaisha.

Kisha misimu miwili ya mvua, mtoto anaingia msalani na mbao inavunjika chini ya mguu wake. Jirani wanasema mbao ilikuwa mbovu. Mara nyingi haikuwa mbovu. Ilikuwa nyembamba, na iliwekwa juu ya nguzo ambazo zilipangwa kwa mbao ingine, ile ya namba iliyotajwa depo.

Hiyo njo habari ya leo. Namba inayotajwa depo ni jina la mbao, si kipimo chake. Mwenye kujenga veranda, kioski, hangari ya soko, msalani ao kilalo cha mtaa lazima ajue tofauti hiyo, juu ndani yake kuna feza na kuna usalama wa watu.

Namba mbili za kuhesabu, soko moja

Mbao ngumu nyingi zinazouzwa katika miji yetu zinatoka katika misitu ya Mambasa na sehemu zingine za Ituri, na upande wa Walikale na Beni. Sehemu inabaki hapa kwetu. Sehemu kubwa inapita mpaka, kwa Kasindi, Mahagi ao Ariwara, inaenda Uganda na mbele hadi Kenya. Kule Uganda wanahesabu kwa inchi na futi. Hapa tunahesabu kwa santimetre na metre. Mti ni ule ule, tronsoneze ni ile ile, lakini soko inasema luga mbili.

Tushike hesabu hizi kichwani. Inchi moja ni santimetre 2,54. Kwa hiyo inchi mbili ni karibu 5 cm, inchi sita ni karibu 15 cm, na inchi 12 ni 30,5 cm. Hapo tofauti ni ndogo. Tofauti kubwa iko kwenye urefu. Mbao ya futi 14 ina metre 4 na santimetre 27. Mbao ya «metre ine» ina metre 4 tu. Muuzaji akikuhesabia bei ya futi 14 na kukupa mbao ya metre 4, unapoteza santimetre 27 kwa kila kipande. Ukinunua vipande 15, umepoteza zaidi kidogo ya metre 4. Ni kusema umelipa 15, umepeleka nyumbani 14.

Hakuna aliyekuibia kwa nguvu. Hukuuliza tu ni luga gani inayotumika.

Kupungua kwa haki

Kabla ya kumshitaki muuzaji, tuwe wa haki. Mbao inapungua yenyewe, na kuna sababu tatu ambazo hakuna mutu anaweza kuziepuka kabisa.

Ya kwanza ni msumeno. Tronsoneze ina mnyororo munene. Kila mara inapopita ndani ya gogo, inageuza karibu santimetre moja kuwa unga. Kamata gogo lililochongwa mraba, lenye kimo cha 30 cm, utoe ndani yake mbao za 2,5 cm. Kwa hesabu ya karatasi ungepata 12. Kwa tronsoneze unapata 8. Zingine zimebaki chini pale msituni, unga mwekundu. Msumeno wa bendi wa kiwanda unakula milimetre chache tu, lakini kwa njia za msitu wetu, mashini ile haifiki. Tena tronsoneze inaongozwa na mikono ya mutu mwenye kuchoka. Mstari unayumba. Ndiyo maana mbao moja inaweza kuwa na 2,8 cm upande huu na 2,1 cm upande ule.

Ya pili ni kukauka. Mti ukikatwa una maji mengi ndani. Maji yakitoka, mbao inajikunja. Haipungui urefu, au inapungua kidogo kabisa ambako hauwezi kuona. Inapungua kwa upana na kwa unene. Libuyu ya upana wa 30 cm ikikauka vizuri chini ya kivuli inaweza kupoteza karibu santimetre moja. Eukaliptusi inapoteza zaidi, na inapenda kupasuka na kujipinda wakati huo.

Ya tatu ni rabo. Kulainisha upande mmoja kunaondoa milimetre mbili ao tatu, wakati mwingine zaidi kama mstari wa tronsoneze uliyumba. Pande mbili, hiyo ni nusu santimetre.

Kwa hiyo mbao iliyotoka msituni na 2,5 cm, ikikauka na kupigwa rabo pande zote mbili, ni sawa ikiwa na 2 cm. Hata Marekani, mbao ya ujenzi wanayoita «mbili kwa ine» haina inchi mbili kwa ine: ikiwa kavu na laini, ina inchi moja na nusu kwa tatu na nusu. Lakini kule kanuni imeandikwa, na kila fundi anaijua kabla ya kununua. Hapa kwetu hakuna kilichoandikwa kwenye ukuta wa depo. Kila mutu anabuni.

Kupunguza kwa hila

Sasa tufike kwenye ile ingine. Kuna mbao ambayo haikupungua: ilipunguzwa. Ilikatwa nyembamba tangu msituni, 2 cm ao chini yake, ikapewa jina la «mbili na nusu» njiani.

Namna ya kuitambua ni rahisi, na haiombi masomo. Angalia uso wa mbao. Kama bado ina alama za meno ya mnyororo, haijapigwa rabo. Kisha inyanyue. Kama ni nzito sana na baridi mkononi, bado iko mbichi. Mbao ya namna hiyo, yenye alama za tronsoneze na maji ndani, haijapoteza kitu bado. Kipimo chake kinapaswa kufika jina lake, ao kulipita kidogo. Ukikuta mbao mbichi, isiyopigwa rabo, inayoitwa 2,5 na ina 2, usikubali kuambiwa «ni kukauka, mama». Kukauka bado kunakuja. Nyumbani kwako itafika chini ya 2.

Tena usipime fasi moja. Pima ncha mbili na katikati. Kipimo cha mbao ni kile cha fasi yake nyembamba zaidi, juu hapo njo itavunjika.

Nusu santimetre inabeba nini?

Watu wengi wanafikiri hivi: mbao imepungua sehemu moja kwa tano, basi nguvu nayo imepungua moja kwa tano. Hapana. Mbao haifanye hesabu hiyo.

Nguvu ya mbao inayolala juu ya nguzo mbili inafuata upana wake, mara kimo chake, mara kimo chake tena. Kimo kinahesabiwa mara mbili. Na namna mbao inavyokataa kupinda, kimo kinahesabiwa mara tatu. Tuone kwa namba.

Kamata madriye ya 5 kwa 15. Ukiilaza kwa ubapa, hesabu ni 15 × 5 × 5, inatoa 375. Ukiisimamisha kwa ubavu, hesabu ni 5 × 15 × 15, inatoa 1125. Mbao ile ile, bei ile ile, lakini ikisimama inabeba mara tatu zaidi, na inakataa kupinda mara tisa zaidi. Ndiyo maana mafundi wa zamani wanasimamisha madriye chini ya sakafu, hawazilazi. Kijana anayelaza madriye ili apate fasi pana ya misumari anatupa nguvu uliyoilipia.

Sasa ubao wa sakafu, unaolala kwa ubapa. Ukitoka 2,5 cm kwenda 2 cm, nguvu inashuka zaidi ya sehemu moja kwa tatu. Kukataa kupinda kunashuka karibu nusu. Nusu nzima, kwa ajili ya nusu santimetre. Mbao inayocheza kila mtu akipita inalegeza misumari, maji yanaingia kwenye matundu, kuoza kunaanza. Mwisho wake tunaujua.

Dawa si kulia. Dawa ni kupanga nguzo kwa kipimo uliyo nacho mkononi. Kwa sakafu ya inje inayokanyagwa na watu, ubao mgumu wenye 2,5 cm za kweli unaomba mihimili isiyoachana zaidi ya 45 cm. Kama ubao una 2 cm, sogeza mihimili ifike 35 cm. Utaongeza muhimili mmoja ao miwili, lakini sakafu itakaa. Kwa kilalo fasi moto zenye magunia na chukudu zinapita, ubao wa 2,5 usiwaziwe hata kidogo. Hapo ni mbao za unene wa 5 cm, na mihimili ipimwe na fundi mwenye kujua mzigo.

Ngumu haimaanishi itadumu inje

Kuna kosa lingine la kila siku. Mutu anasema: «Nimenunua mbao ngumu, haitaoza.» Ugumu ni kitu kimoja. Kuvumilia mvua na mchwa ni kitu kingine.

Libuyu si mti mmoja. Ni jina la soko kwa miti ya jamaa moja, ndani yake kuna sapelli na sipo. Ni mbao nzuri kwa milango, madirisha na fanicha. Inje inadumu kiasi kama imefunikwa na manjanja na haigusi udongo. Ukiichimbia chini, usitegemee miaka mingi. Muvula inavumilia zaidi, mvua na mchwa pia, na ni yenyewe ya kutafuta kwa ngazi, veranda na mihimili ya inje. Afromosia inavumilia kabisa, lakini tangu 1992 iko katika orodha ya CITES ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inaongozwa kwa vibali, juu imepungua sana. Kirundu ni nyeupe na laini: ni ya kofraje na kazi za ndani, si ya kulala mvua. Eukaliptusi ya milimani Lubero na Butembo inasaidia sana kwa nguzo na paa, lakini bila dawa, mguu wake ukiingia udongoni unaliwa.

Na katika kila mti, hata muvula, angalia rangi. Kiini ndicho kinachodumu. Sehemu nyeupe ya pembeni, ile iliyokuwa karibu na ganda, ni chakula cha mchwa. Hapo kipimo kinarudi tena. Ukinunua madriye ya 15 cm ambayo 4 cm za ukingo wake ni nyeupe, kwa kazi ya inje umenunua 11. Ukirudi kwenye hesabu ya kimo mara kimo, madriye ile ikibaki na 11 haina zaidi sana ya nusu ya nguvu uliyolipia. Kwa hiyo tunapima kiini, hatupimi mbao nzima.

Wakaaji wa Goma wanajua jambo hili kwa uchungu. Kisha Nyiragongo kulipuka tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, familia nyingi zilijenga kwa mbao juu ya mawe ya lava, juu mbao ni nyepesi, inajengwa haraka na inaweza kuhamishwa. Nyumba ambazo zimekaa ni zile ambazo mbao ya chini haikugusa ardhi. Safu chache za mawe na simenti chini, santimetre 20 ao 30, zinafanya kazi ambayo hakuna rangi wala mafuta machafu ya gari yanaweza kuifanya.

Kwa nini mbao inakuwa nyembamba mwaka kwa mwaka?

Hapa tunatoka kwa fundi, tunaingia katika mambo ya nchi.

Kanuni ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inahesabu msitu kwa metre kibe. Kibali cha mkataji mdogo kinaongea metre kibe. Soko nayo inahesabu kwa kipande. Katikati ya hesabu hizo mbili kuna fasi pana ya kujificha. Barabarani vizuizi ni vingi, na si vyote vinavyotoa karatasi. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziko chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Mashambulizi katika Beni, Irumu na Mambasa yamewafanya madereva waogope njia, na vita katika Kivu vimekata zingine. Kila siku gari inayolala njiani ni gharama. Mwenye kutoa feza mbele kwa wakataji anataka feza yake irudi.

Mnunuzi wa mjini hawezi kulipa mara mbili. Basi bei ya kipande inabaki karibu fasi yake, na kipande njo kinapunguzwa. Wauzaji wenyewe wanasema wazi: «Raia anataka bei ndogo, tunamupa mbao ndogo.» Si uongo. Sisi wanunuzi tumefundisha soko kwamba tunaangalia bei, hatuangalii unene.

Lakini tuhesabu vizuri nani anapata faida. Madriye ya kweli ya 5 cm kwa 30 cm kwa metre 4 ina metre kibe 0,06. Kwa metre kibe moja unapata karibu vipande 17. Ingine inaitwa jina lile lile, lakini ukipima ina 4 kwa 28: hiyo ni metre kibe 0,0448, vipande 22 kwa metre kibe. Tuseme tu, si bei ya leo, kwamba ya kwanza inauzwa dola 10 na ya pili dola 9. Ya pili inaonekana rahisi. Gawanya: ya kwanza ni dola 167 kwa metre kibe, ya pili ni dola 201. Ile ya bei ndogo njo ghali. Na mwenye shida ndiye anayeinunua, juu hana dola ya kumi.

Msitu nao haupati nafuu. Mbao nyembamba inaoza na kuvunjika haraka, tunarudi kununua ingine, mti mwingine unaanguka. Vilevile kukata mbao nyembamba kwa tronsoneze kunatoa unga mwingi zaidi, juu mnyororo unapita mara nyingi zaidi ndani ya gogo moja.

Kitu gani kinaweza kufanyika kesho asubuhi?

Hatuhitaji kungoja Kinshasa. Mambo machache yako mikononi mwetu.

Enda depo na metre yako mwenyewe, na usikie aibu kuitoa. Pima unene na upana kwa fasi tatu, pima urefu, na uulize: ni mbichi ao kavu? Imepigwa rabo ao hapana? Linganisha bei kwa metre kibe: unene mara upana mara urefu, vyote kwa metre, kisha gawanya bei kwa hesabu hiyo. Simu yoyote ina mashini ya kuhesabu.

Omba fakture iandikwe kwa santimetre za kweli. «Madriye kumi» haisemi kitu. «Madriye kumi, 5 × 15 × 400, mbichi» inasema kila kitu, na siku ya ugomvi inaweza kusomwa mbele ya shefu wa mtaa.

Ukishanunua mbao mbichi, usiikimbize kwenye jua. Ipange chini ya kivuli, juu ya mawe, na vijiti katikati ya kila safu ili upepo upite. Weka mzigo juu yake isijipinde. Wiki kadhaa za kungoja zinaokoa miaka. Kama lazima ujenge na mbichi, ujue itajikunja: usikaze mbao za ukuta kwa misumari miwili ya mbali kwenye ubao mpana, juu itapasuka katikati. Kwenye sakafu ya inje, ukijenga na kavu, acha nafasi ya nusu santimetre kati ya mbao ili maji yashuke.

Kamati za shule, za masoko na za vilalo, ninyi mnaoshika feza ya watu wengi, andikeni katika mkataba unene wa mwisho: «5 cm kamili, kisha kukauka, kiini peke yake.» Maneno hayo hayagharimu kitu. Kisha mutu mmoja wa kamati asimame na metre siku mbao zinashushwa, si siku kilalo kinafunguliwa.

Na ninyi wauzaji: depo ya kwanza itakayotundika ubao ukutani, jina upande mmoja na santimetre za kweli upande mwingine, haitapoteza wateja. Mafundi wanaongea kati yao. Fundi ambaye sakafu yake ilivunjika anakumbuka mbao ilitoka depo gani.

Mbao kupungua ni kazi ya Mungu na ya jua. Kupunguzwa ni kazi ya watu, na watu wanaweza kuulizwa.